Kuunganisha masomo PP2: nimechoka kupaka samaki rangi wiki nzima, nisaidieni

TichaWaZiwani (Kisumu):
Habari zenu walimu. Mimi nafundisha PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, hapa Kisumu, watoto 34, wengi wazazi wao wako kwa biashara ya samaki ama wanafanya vibarua mjini. Swali langu ni hili. Tunaambiwa tuunganishe masomo, mtoto asione hesabu iko huku na lugha iko kule, na mimi naamini hiyo kabisa. Sasa wiki iliyopita nikachagua samaki. Lugha tukaimba wimbo wa samaki, hesabu tukahesabu samaki kwa picha, mazingira tukataja wanaoishi majini, ubunifu tukapaka samaki rangi, dini tukasema Mungu aliumba samaki. Kwa karatasi inakaa poa sana. Lakini Alhamisi nikaangalia watoto wangu nikaona wamechoka, mmoja akaniuliza "teacher, kesho tena ni samaki?"

Kilichoniuma zaidi ni cha Jumatano. Nilikuwa nimeleta omena, wale dagaa wadogo waliokaushwa, kidogo kwa sahani, nusu kikombe tu manake mnajua kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wake umefungwa na bei imepanda. Msichana mmoja akachukua moja akainusa, akaivunja, ikalia kach, akaniuliza mbona hii haiozi na ile samaki ya ngege mama alisahau kwa sufuria ilioza. Nikamwambia tutaongea baadaye juu dakika zangu 30 zilikuwa zimeisha na kitu niliandika kwa andalio la somo ilikuwa kupaka rangi. Hiyo baadaye haikufika. Nimeifikiria kila siku tangu hapo.

Halafu kuna afisa wa elimu alipita, akasema kila eneo la shughuli, yaani kila somo, liwe na andalio lake na matokeo yake, kile mtoto anatakiwa kujifunza. Sasa nitaunganishaje na huku natakiwa kutenganisha? Mnapanga aje nyinyi?

MwalimuBusia:
Dada, pole na hongera, manake wengi wetu hatuangalii sura ya mtoto siku ya Alhamisi. Nikuambie venye mimi naona. Samaki ni jina tu. Jina halina kazi ya kufanya, ndio maana uliishia kulibandika kila mahali. Huyo msichana ndiye alikuletea mpango wa wiki nzima: kwa nini kitu kikikauka hakiozi? Hilo ni swali, na swali lina kazi ndani yake. Ukilifuata, hesabu inaingia yenyewe bila kuvutwa kwa shati.

Huku kwetu kila mtoto ameona muhogo umeanikwa kando ya barabara usagwe wa ugali. Mimi nilianzia hapo. Siku ya kwanza maongezi tu: nyumbani mnakausha nini? Mahindi, muhogo, omena, kuni, nguo, mmoja akasema tofali. Walisema kwa lugha ya nyumbani na mimi sikuwakatiza, si mtaala wenyewe unasema mtoto wa umri huu afundishwe kwa lugha ya mahali anapoishi? Wakishamaliza ndio nikawapa maneno ya darasa, bichi, kavu, laini, gumu, zito, jepesi, na walikuwa tayari wanayahitaji.

Siku ya pili mizani. Chukua henga ya nguo, iningʼinize kwa kamba, kila upande funga mkebe wa siagi. Kata vipande viwili vya muhogo sawasawa, weka kimoja huku kimoja kule mpaka henga itulie. Hiyo ni vipimo, iko kwa mtaala wa hesabu, zito na jepesi. Halafu kipande kimoja kianikwe juani, kingine kifungiwe kwa mkebe. Kila asubuhi mnarudisha kwa henga mnaangalia upande gani umepanda juu. Mtoto anachora alichoona, na hapo uchoraji una maana, anaweka kumbukumbu, si kujaza rangi ndani ya mstari niliochora mimi.

Mama_Lishe_Kakamega:
Naingilia hapo kidogo kwa heshima mwalimu. Muhogo mbichi usiwape watoto wadogo mikononi jamani. Ule mchungu una sumu, na mtoto wa miaka mitano ukigeuka tu amekiweka mdomoni. Tumia kiazi kitamu, kinakauka vizuri ukikikata kwembamba, na akikitafuna hakuna shida. Mimi pia nafanya na majani ya kunde. Mikono ioshwe kabla na baada, na hiyo kuosha mikono pia ni somo la mazingira, andika.

MwalimuBusia:
Umesema ukweli mama, asante. Kiazi basi.

GredeYaKwanza:
Mimi nafundisha Grade 1 na nitasema kitu pengine hamtakipenda. Hawa watoto wakifika kwangu nawapokea na nawapenda lakini kuna mambo nayaona. Mtoto anaimba moja mpaka ishirini bila kosa, lakini ukimpa vizibo saba vya soda ahesabu, kidole kinaenda haraka kuliko mdomo, kimoja anakiruka kingine anakihesabu mara mbili. Ukimuuliza ni ngapi anaanza upya. Huyo alihesabu samaki na maua na magari kila wiki, kila wiki mada tofauti, lakini hakuna mtu alikaa naye chini pole pole akamshika kidole.

Sisemi msiunganishe. Nasema hesabu ina ngazi zake na ngazi hazifuati mada yenu. Kama wiki hii darasa lako limefika kulinganisha makundi mawili, basi kwa hayo makundi tumia omena kavu na vipande vya kiazi, sawa kabisa, lakini usiruke hiyo ngazi eti kwa sababu swali la wiki limekupeleka kwa mizani. Na zile sauti za herufi ni hivo hivo. Kama kuna siku somo la hesabu halihusiani na swali lenu, liache lisimame peke yake, mtoto hataumia.

Mkufunzi_Naks (Nakuru):
Nimefundisha walimu wa chekechea miaka kadhaa na huyu mwalimu wa Grade 1 amesema neno ambalo nilichelewa kulijifunza. Niongeze mawili, la kwanza refu kidogo mnivumilie.

Hili jambo si geni na halikuanza na huu mtaala wa umilisi, CBC, ulipoingia PP1 hadi Grade 3 mwaka wa 2019. John Dewey huko Chicago alifungua shule yake ya majaribio mwaka wa 1896, na watoto wake walipika, walisuka, walifanya useremala, na hesabu ilikuja kwa sababu ukipika lazima upime. Kazi ndiyo ilikuwa inaita somo. Na kusema ukweli bibi zetu hawakuhitaji Chicago, mtoto aliyetumwa sokoni Kibuye kununua omena ya mkebe mmoja alikuwa anapima, anaongea kwa adabu, anahesabu chenji na anachunga njia, yote kwa safari moja. Shule ndiyo iliyakata hayo vipande dakika 30 30 halafu sasa inatuuliza mbona hayashikani.

La pili ni la afisa. Usigombane naye. Tangu Katiba ya 2010 chekechea iko chini ya kaunti, na yeye pia ana fomu zake za kujaza. Andalio la kila eneo liandike kando kama anavyotaka, kila moja na tokeo moja kuu. Moja tu! Kosa ninaloliona sana ni andalio moja lenye matokeo matano, mwalimu anakimbizana nayo na hakuna hata moja linalofika. Kile kinachounganisha kiweke kwa sehemu ya swali dadisi, lile swali linaloongoza somo. Hapo andika swali la yule msichana, lile lile, kwa mazingira, kwa hesabu, kwa lugha, kwa ubunifu. Afisa akifungua atapata maandalio yake yametengana vizuri, na watoto wako watakuwa wanafuata kitu kimoja. Na kwa dini, kama swali halifiki, usililazimishe, fundisha kushukuru kwa chakula ama fundisha kile kilichoko kwa maazimio yako ya kazi.

Ah, na kitu kingine. Acha nafasi tupu. Mimi huambia wanafunzi wangu Ijumaa isipangwe mpaka Jumatano jioni. Kile watoto wamesema Jumatatu na Jumanne ndicho kinapanga Ijumaa.

TichaWaZiwani:
Walimu wangu sijui niwashukuru vipi. Nimerudi baada ya wiki mbili.

Nilianza kwa kumwomba msamaha yule msichana mbele ya wenzake, nikamwambia aliuliza swali zuri na mimi sikulijibu, sasa tutalitafuta pamoja. Alinyamaza lakini siku hiyo hakutoka kando yangu.

Tumetumia kiazi na henga. Siku ya tatu ule upande wa jua ulipanda juu kabisa, ule wa mkebe ukashuka, na walisimama wote wakapiga kelele mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia. Nikawauliza kimepunguza nini, nani amekula? Mmoja akasema ndege. Mwingine akasema hapana, jua limekunywa maji yake, na ndio maana omena inalia kach, haina maji ya kuozea. Miaka mitano huyo! Nimeandika maneno yake vile vile kwa daftari langu la tathmini, na jina lake na tarehe.

Hesabu nimefanya alivyosema mwalimu wa Grade 1. Nimekaa na watoto sita sita, kila mmoja na mkeka wake mdogo, anasogeza omena moja moja kutoka kushoto kwenda kulia akitaja nambari. Nimegundua kumi na moja kati ya 34 walikuwa wanaruka, na mimi nilidhani wanajua. Hiyo sasa nitafanya kila siku dakika kumi, iwe tuko kwa mada gani.

Sasa shida yangu mpya ni mvua. Imenyesha tangu Jumatano na vipande vingine vimeota ukungu mweupe kabla vikauke. Nilitaka kuvitupa, wakakataa, wanataka kujua ni nini kile cheupe na kimetoka wapi. Nimevifungia kwa chupa yenye kifuniko nikaiweka dirishani, na nimeandika chini yake kwa herufi kubwa USIFUNGUE, yule msichana amechora mdomo akaukata kwa msalaba. Ijumaa sijaipanga.