Toscana, Provence au Puglia: siku 7 za baiskeli ya mbio, mashamba na miji ya kale

Mkanyagaji (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba ulinganisho kutoka kwa wanaozijua barabara zenyewe. Vipeperushi vya watalii nimeshavisoma vya kutosha.

Tuko wawili, siku 7 za kuendesha, kilomita 60 hadi 80 kwa siku, mwisho wa Septemba au katikati ya Aprili. Baiskeli za mbio, tairi za milimita 28, meno ya mbele 50/34, friwili ya nyuma ya meno 11 hadi 28 (11-28), breki za diski. Mizigo midogo tunabeba wenyewe, hakuna gari la kutufuata. Tunataka njia za mashambani mchana na kulala kwenye miji ya zamani usiku. Zimebaki tatu: Toscana ya kusini, Italia (Chianti, Siena, Val d'Orcia), Provence, Ufaransa (Luberon na mlima Ventoux), na Puglia, Italia (Valle d'Itria hadi Lecce). Ipi, na kwa nini?

Fundi_Rimu

Mkuu, ukilinganisha kwa mandhari hutapata jibu, zote zinapendeza. Linganisha kwa kinachokutesa. Toscana utateswa na miinuko mifupi mikali isiyoisha, Provence na upepo, Puglia na lami iliyochakaa.

Nianze na Toscana kwa sababu ndiyo watu wengi huikosea. Ukitazama ramani unaona vilima vya mita 300 au 500 tu, unadhani ni mteremko kwa mteremko. Sivyo. Hakuna tambarare. Unapanda dakika kumi, unashuka dakika tatu, unapanda tena, na miji yote imejengwa juu ya kilima, kwa hiyo siku inaisha kwa kupanda. Montalcino ipo zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, na utaifikia miguu ikiwa imeshachoka. Siena ni hivyohivyo: stesheni ya treni iko chini, mji uko juu. Mashindano ya Strade Bianche, yaliyoanza 2007, humalizikia Piazza del Campo, uwanja mkuu wa Siena, kwa kupitia Via Santa Caterina, kichochoro cha mawe kinachofika asilimia 16.

Halafu kuna hizo barabara nyeupe zenyewe (ndiyo maana ya jina Strade Bianche). Ni udongo na kokoto za chokaa zilizoshindiliwa. Zikiwa kavu, tairi ya 28 inapita. Tatizo ni mahali pawili: kwenye kona za mteremko, ambako kokoto hukusanyika pembeni na katikati, na kwenye miinuko ya zaidi ya asilimia 12, ambako ukisimama juu ya pedali gurudumu la nyuma linateleza kwa sababu uzito umehamia mbele. Hapo unakaa kwenye siti, unasogea nyuma kidogo, unakanyaga taratibu bila kushtua. Mvua ikinyesha upande wa Crete Senesi, vilima vya kusini-mashariki mwa Siena, udongo wake ni mfinyanzi: unajaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma. Siku hiyo baki kwenye lami.

Upepo wa tairi, kwa mtu wa kilo 75 na tairi za 28 zenye tyubu: lami, bar (kipimo cha msukumo) 5 mbele na 5.3 nyuma. Barabara nyeupe, punguza hadi 4.3 na 4.6. Ukishuka zaidi ya hapo rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na utapata matundu mawili sambamba kama umeng'atwa na nyoka. Fremu ikiruhusu, weka 32 bila tyubu, na maji ya kuziba pancha mililita 40 kila tairi, uendeshe bar 3.5 hadi 4. Kabla ya kununua, pima nafasi: baki na milimita 4 kila upande, la sivyo kokoto zitakula rangi ya fremu.

Bi_Gia

Nakubaliana na Fundi kuhusu mateso, ila amepita Provence haraka mno.

Upepo unaozungumziwa ni mistral. Unatoka kaskazini na kaskazini-magharibi, unasukumwa kwenye bonde la mto Rhône, na ukianza unaweza kukaa siku kadhaa. Hupiga zaidi majira ya baridi na ya kuchipua, kwa hiyo kati ya tarehe zenu mbili, Septemba ni salama kuliko Aprili. Aprili ina tatizo jingine: barabara ya kileleni Ventoux hufungwa kwa theluji majira ya baridi na mara nyingi haijafunguliwa.

Ventoux ina mita 1,910 na njia tatu za lami. Bédoin ndiyo maarufu: takriban kilomita 21, mita 1,600 za kupanda. Kilomita za mwanzo zinakudanganya kwa upole, kisha kwenye kona ya Saint-Estève unaingia msituni na kwa takriban kilomita 9 mwinuko hauachii asilimia 9. Malaucène inalingana nayo kwa ugumu. Sault ni ndefu zaidi, kilomita 26, lakini inaanzia juu na ina wastani wa asilimia 4 hadi 5 tu. Inaungana na ile ya Bédoin pale Chalet Reynard, mkabaki na kilomita 6 za mawe meupe bila mti hata mmoja. Hapo ndipo upepo unaamua. Mwaka 2016 mashindano ya Tour de France ilibidi yamalizie Chalet Reynard badala ya kileleni kwa sababu ya upepo, siku ileile Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipoonekana akikimbia kwa miguu baada ya baiskeli yake kuvunjika kwenye msongamano. Kanuni ya kawaida: utabiri ukionyesha upepo wa kilomita 60 kwa saa pale juu, ahirisheni. Bebeni koti la upepo hata kama bondeni ni joto la nyuzi 28. Kileleni panaweza kupungua nyuzi 12 au zaidi, na kushuka ukiwa umelowa jasho ndiko kunakogandisha vidole vya breki.

Luberon ni kitu kingine kabisa. Kuna mzunguko wenye vibao wa zaidi ya kilomita 230 unaozunguka milima hiyo kwa barabara ndogo: Cavaillon, Apt, Forcalquier, Manosque, Lourmarin. Pia kuna njia ya baiskeli kwenye reli ya zamani kando ya mto Calavon, inayopita Pont Julien, daraja la Warumi la matao matatu ambalo magari yaliondolewa 2005. Ikwepeni barabara kuu ya D900 kabisa, ina malori. Na korongo la Lourmarin ni jembamba, pitieni asubuhi mapema. Gordes na Roussillon zina barabara nzuri ila mchana zimejaa mabasi ya watalii.

Lavenda? Inachanua mwishoni mwa Juni na Julai. Msiende Septemba mkaitafuta.

Mtwapa_Spoku

Salaam ndugu zangu. Puglia mmeitupa bure.

Kwa gia zenu za 11-28, hii ndiyo pekee isiyowadai kubadilisha kitu. Valle d'Itria ni uwanda wa takriban mita 400, wenye mawimbi tu. Alberobello, Locorotondo, Martina Franca, Cisternino, Ostuni: kutoka mji mmoja hadi wa pili hakufiki kilomita 20, kwa hiyo mkichoka mnalala. Njia ni vichochoro vya mashambani kati ya kuta za mawe makavu, magari machache. Kati ya Cisternino na Ceglie Messapica ipo njia ya matengenezo ya mfereji mkuu wa maji iliyofanywa ya baiskeli, changarawe laini iliyoshindiliwa, 28 inapita bila wasiwasi. Kushuka kusini hadi Lecce na Otranto ni tambarare.

Sasa ubaya wake. Lami ina mashimo na viraka juu ya viraka, na kwenye vivuli vya mizeituni huyaoni. Mbwa wa mashambani hutoka getini wakikukimbiza; wengi huacha ukisimama na kuweka baiskeli katikati yako na yeye. Mitaa ya miji ya kale imetandikwa mawe ya chokaa yaliyosuguliwa na miguu karne nyingi, ikilowa haina tofauti na sabuni: shukeni mtembee. Maduka hufungwa kuanzia saa saba mchana hadi karibu saa kumi na moja, mnunue chakula kabla. Maji si tatizo, miji mingi ina bomba la chuma la mfereji wa umma.

Na kusini ya Lecce kivuli kimepungua sana. Bakteria wa Xylella, waliogunduliwa karibu na Gallipoli 2013, wameua mizeituni mingi mno. Mtapita mashamba ya miti mikavu.

Barabara kuu ya Bari hadi Brindisi baiskeli haziruhusiwi. Tumieni zile ndogo zinazokwenda sambamba nayo.

Hesabu_za_Gia

Hapo kwenye gia ndipo nataka mtu atoe kalamu. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, mtu wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 9 anahitaji takriban wati 160 kwenda kilomita 8 kwa saa. Bila mizigo. Kwa 34 mbele na 28 nyuma, kasi hiyo ni mizunguko 52 ya pedali kwa dakika. Kwa 34 na 34 ni mizunguko 63. Tofauti ya 11 inaonekana ndogo, lakini mizunguko 52 kwa saa mbili za Ventoux ni magoti yanayouma kesho yake, na kesho yake mna kilomita 70. Ongeza kilo 5 za mizigo uone.

Kwa hiyo 11-34 ni lazima kwa Ventoux na Toscana. Puglia mnaweza kubaki na 11-28. Naona wengi wananunua rimu za bei ghali ilhali friwili yenye meno mengi ingewafaa zaidi.

Jambo la pili, breki. Pedi mpya au zilizobaki angalau nusu kabla ya kwenda Ventoux. Shukeni kwa kufunga kwa nguvu kabla ya kona kisha kuachia, msiziburuze mteremko mzima, zinapata moto na kupoteza nguvu. Vumbi jeupe la Toscana nalo hula mnyororo: tumieni mafuta mepesi ya hali kavu, futeni kila jioni kwa kitambaa. Mafuta mazito hugeuka kuwa msasa.

Safari_na_Makaratasi

Mnasahau njia ya kufika.

Visa: wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda na jirani wanahitaji viza ya Schengen, inayotumika Italia na Ufaransa. Unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Usiku zikilingana, nchi utakayoingilia kwanza. Kwa hiyo msichanganye Ufaransa na Italia halafu mkabadilisha mpango baada ya kuomba. Bima iwe ya angalau euro 30,000. Walioko Muscat au Dubai wanaombea huko wanakoishi kihalali.

Ndege: mikebe ya gesi ya kujazia tairi inahitaji ridhaa ya shirika la ndege, ni rahisi kuinunua mkifika. Taa zenye betri za lithiamu na betri za ziada ziwe kwenye mzigo wa mkononi. Fungua pedali (ya kushoto inafunguliwa kuelekea saa), ondoa kibadilisha gia cha nyuma ukifunge ndani ya fremu, na beba kishikio chake cha akiba. Kikipinda hakinyooki vizuri, na kila fremu ina cha kwake. Duka la kijijini halitakuwa nacho.

Treni: Italia, treni za mikoa (Regionale) zenye alama ya baiskeli zinapokea baiskeli nzima kwa tiketi ya ziada ya euro 3.50. Firenze hadi Siena ni kama saa moja na nusu. Treni za kasi zinataka ifunguliwe na kuwekwa kwenye begi. Ufaransa, treni za mikoa (TER) ndizo rahisi.

Sheria: Italia, kizibao cha kuakisi mwanga ni lazima nje ya mji usiku na ndani ya mahandaki. Ufaransa, usiku nje ya mji pia.

Reli_ya_Zamani

Naongeza ya nne hata kama hamkuuliza: Andalusia, kusini mwa Hispania. Vía Verde del Aceite, kilomita 128 kutoka Jaén hadi Puente Genil, juu ya reli ya zamani yenye madaraja ya chuma katikati ya mizeituni. Treni haipandi ukali, kwa hiyo mwinuko hauzidi takriban asilimia 3. Úbeda na Baeza ziko jirani. Hispania kofia ngumu ni lazima nje ya miji. Juni hadi katikati ya Septemba kaeni mbali nayo, joto hupita nyuzi 40. Ila kwa siku 7 ni fupi, na baada ya siku ya pili utaichoka mizeituni.

Mkanyagaji

Shukrani wakuu. Tumeondoa Aprili. Tuseme Septemba, na tairi za 28 haziongezeki, fremu hairuhusu. Friwili naweza kubadilisha. Mnaamuaje?

Fundi_Rimu

Basi Provence, na sababu ni lami tu. Barabara za wilaya kule ni laini kuliko za pande zote mbili za Italia mlizotaja, na 28 inatosha bila kubahatisha. Lalieni Avignon usiku wa kwanza, siku mbili za kuelekea Apt kupitia L'Isle-sur-la-Sorgue, Gordes na Bonnieux, siku moja Lourmarin na kurudi, kisha kaskazini hadi Sault. Siku mbili Sault: mojawapo mpande Ventoux, ile ambayo upepo umetulia. Ya saba mnashuka korongo la Nesque kurudi Avignon.

Toscana kwa tairi za 28 ni salama zaidi kwa lami peke yake, barabara ya SR222 kutoka Firenze hadi Siena ni kama kilomita 70 na ni nzuri, lakini kwenda kule na kuzikwepa barabara nyeupe ni kulipia karamu na kula mkate tu. Pia mwanzoni mwa Oktoba Gaiole, mji mdogo wa Chianti, inajaa watu wa L'Eroica, msafara usio wa mashindano wa baiskeli zilizotengenezwa kabla ya 1987, na vyumba hupotea.

Bi_Gia

Naunga mkono, ila Sault wekeni mwanzoni. Upepo ukiharibu siku zile mbili za mwisho, mlima mmeukosa. Mkianza nao mnabaki na nafasi ya kurudi.

Hesabu_za_Gia

Kabla hujanunua hiyo 11-34, angalia mkono wa kibadilisha gia cha nyuma. Kwa 50/34 na 11-34 unahitaji kimudu tofauti ya meno 39: 16 ya mbele na 23 ya nyuma. Cha mkono mfupi mara nyingi huishia friwili ya meno 28 au 30. Ukilazimisha, kigurudumu cha juu kitagusa friwili ukiwa gia nyepesi kabisa. Mnyororo nao utahitaji kurefushwa: uzungushe kwenye meno makubwa ya mbele na makubwa ya nyuma bila kupita kwenye kibadilisha gia, kisha ongeza pingili mbili. Ule wa sasa ukiwa mfupi, weka mpya, na uujaribu kwa kilomita 200 hivi nyumbani kabla ya kuupakia kwenye boksi.