Naomba ushauri: buti za kazi za kubeba mizigo mwaloni, Kigoma

Wakuu habari za leo. Napakia na kupakua mizigo mwaloni Kibirizi: mifuko ya saruji, madumu ya mawese, na muda mwingi mguu uko kwenye maji au tope. Buti nilizonazo zina chuma mbele, soli imeachia ubavuni, na mchana miguu ikivimba vidole vinabanwa balaa.

Mjini nimeonyeshwa aina mbili. Moja imeandikwa S1P (alama ya daraja la usalama wa buti), nyepesi na bei nafuu; nyingine S3. Ninavyoelewa zote zinakinga vidole na msumari usipenye unyayoni, ila S3 ndiyo ambayo sehemu yake ya juu inastahimili maji pia, ingawa si kwa asilimia mia. Kwa mtu wa ziwani naona S3 ndiyo inafaa zaidi, lakini kwa jua hili miguu haitaiva humo ndani? (Gambuti msinitajie, joto lake nalijua.)

Halafu soli za PU (aina ya plastiki, polyurethane) ni laini kweli, ila zikikaa stoo miaka mingi humomonyoka zenyewe. Sasa za mtumba mnazikaguaje? Na hizi nilizonazo, fundi viatu wangu anataka azishone kuzunguka soli. Waliowahi kushonesha, maji hayapiti kwenye matundu ya sindano? Bajeti yangu ni ya kuungaunga, nataka ninunue mara moja.