Lenzi ya jicho la samaki 8-15mm, mnaitumiaje jamani?

kijana_unguja: Wakuu habari zenu, nimeazima Canon 8-15mm ile ya jicho la samaki, kamera ni fulfremu (yenye sensa kubwa, yaani kile kinachonasa picha ndani, saizi ya filamu ya 35mm). Nikiweka 8 napata duara na weusi pembeni, nikienda 15 picha inajaa ila kila kitu kimepinda. Nifanyeje nitoe picha za maana?

mzee_wa_lenzi: Mkuu hiyo duara ndo yenyewe, ni nyuzi 180 pande zote, ukiwa 15 hizo 180 unazipata kona kwa kona. Sikiliza, mstari unaopita katikati ya picha haupindi, kwa hiyo bahari inapokutana na mbingu paweke katikati patanyooka, ukiinamisha kamera panajikunja kama upinde. Halafu ingia vichochoro vya Mji Mkongwe ulenge juu kwa 8, kuta zinaizunguka mbingu, tamu sana aisee!

dada_kamera: Naongezea, sogea karibu kabisa! Inafokasi hadi sentimita 15 kutoka kwenye sensa, yaani kitu kinakaribia kugusa kioo. Chukua msumari mmoja wa shaba kwenye mlango wa kizamani uone unavyovimba mbele, na mtaa mzima unabaki nyuma yake. Ila kioo kimetokeza, usikikwaruze maana ni cha watu.

kijana_unguja: Shukrani sana, kesho asubuhi niko vichochoroni