Mwanga wa kutibu ngozi kwa macho makavu: tiba, au bado ni jaribio?

Mleta mada: Mashine za IPL (mwanga mkali unaotolewa kwa mapigo mafupi), zile zinazofuta wekundu na mishipa midogo usoni, siku hizi zinapigiwa debe kwa macho makavu. Ni kweli FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliidhinisha moja mwaka 2021, lakini kwa aina moja ya ukavu tu: ule wa tezi za mafuta za ukingo wa kope kuziba, machozi yakakauka upesi. Mwenye uhaba wa machozi yenyewe, ambaye karatasi ya Schirmer (kipande kinachowekwa kwenye kope la chini kupima machozi) hailowi hata milimita 5 kwa dakika 5, anauziwa nini?

Daktari wa macho: Hapo sikupingi. Ila kwa tezi zilizoziba, fanyeni kazi nzima. Ngao machoni, jeli usoni, mwanga chini ya kope za chini kutoka upande mmoja wa uso hadi wa pili kupitia juu ya pua. Kisha kamua tezi siku hiyohiyo, mafuta mazito yatoke. Kwa kawaida ni vipindi vinne, wiki 2 hadi 4 kati yake. Aliyeruka kukamua asilaumu mashine.

Mtakwimu: Daktari, umejifunga mwenyewe! Kukamua peke yake kunaleta nafuu. Basi kundi la kulinganisha nalo likamuliwe, lipakwe jeli ileile, lisikie mlio uleule, likose mwanga tu. Matone ya macho na vitambaa vya moto vya kukanda kope vilingane pande zote. Anayepima muda wa utando wa machozi kupasuka baada ya kupepesa (chini ya sekunde 10 ni dalili mbaya) asijue nani yuko kundi gani. Uchambuzi wa 2020 wa Cochrane, mtandao unaopima ushahidi wa tiba, ulipata majaribio matatu tu, watu 114, na ushahidi dhaifu.

Mtaalamu wa ngozi: Mnasahau melanini, rangi asili ya ngozi. Ngozi nyeusi, aina ya 5 na 6 za Fitzpatrick (kipimo cha rangi ya ngozi cha 1 hadi 6), hufyonza mwanga huo na kuungua au kubaki na madoa, ndiyo maana kwa kawaida huachwa nje ya majaribio. Na doksisaiklini, dawa ambayo ninyi wa macho mnaiandika kwa tezi hizohizo, huifanya ngozi iumizwe na mwanga kirahisi. Ulizeni kabla ya kuwasha mashine.

Daktari wa macho: Nakubali. Na ngao isiachwe hata kwa pigo moja, maana duara lenye rangi linalozunguka mboni nalo lina melanini. Kuna walioumia wakipigwa kwenye kope bila kinga.

Mleta mada: Kwa hiyo mwenye ngozi nyeusi na tezi zilizoziba abaki na vitambaa vya moto na kukamuliwa?

Mtaalamu wa ngozi: Kwa sasa, ndiyo.