Wakata miwa wenzangu, mkojo wa rangi ya chai kavu ni kawaida?

MpangaButu:
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 31, huu ni msimu wangu wa nne kwenye miwa. Wiki ya pili sasa, nikikojoa jioni mkojo ni chai kavu kabisa na kiuno kinavuta. Asubuhi unarudi karibu na kawaida. Sukari sina, presha sina, nilipima mwezi wa tano.

Shamba linachomwa usiku, alfajiri tunaingia, masizi mpaka kooni. Tunalipwa kwa tani, ukikaa kivulini na hela yako imekaa. (Kivuli chenyewe kiko wapi, kila kitu kimeungua.) Dumu langu la lita 3 linaisha saa nne, nikienda kulijaza kwenye bowza (gari la maji) narudi nimeachwa mistari miwili. Mchana napiga soda mbili na vidonge viwili vya maumivu, diklofenaki, mgongo ukae sawa. Wazee wanasema chanzo ni dawa ya magugu. Nyapara anasema homa ya mgunda (ile ya mkojo wa panya), maana panya wamejaa. Nishike la nani?

Sista_Chumba3:
Pole mdogo wangu. Mimi niko upande wa kusafisha damu, na vijana wa aina yako nawapokea wakiwa wamechelewa.

Diklofenaki acha leo. Mwili ukikaukiwa maji, figo inajitahidi kutanua mshipa wake ili damu ipite. Hizo dawa zinaubana tena. Soda usiihesabu kuwa maji. Halafu kapime kreatinini ya damu (taka inayojaa figo ikishindwa kuchuja), usiridhike na mkojo. Ugonjwa ninaouhofia, ule wa figo wa wanaofanya kazi nzito juani, hautoi protini nyingi kwenye mkojo, kile kijiti cha kuchovya kinaweza kukwambia uko salama na figo inaondoka. Mgunda nao usiupuuze: ukipata homa, macho mekundu na vigimbi kuuma, waambie kabisa kwamba unashinda kwenye panya.

Kijana_wa_Shamba:
Sista, wazee wana hoja. Sri Lanka walipiga marufuku glaifoseti, dawa ya magugu, 2015 kwa sababu ya figo za wakulima wa mpunga.

Sista_Chumba3:
Walipiga, baadaye wakalegeza. Sisemi dawa ni juisi. Ila Nikaragua, mji wa Chichigalpa, kuna kitongoji cha wakata miwa kinaitwa La Isla. Wanaume walikufa kwa figo mpaka watu wakakiita kisiwa cha wajane. Na nchini humohumo wamekutwa wafyatua matofali wenye tatizo hilohilo. Hao bomba la dawa wanalishikia wapi? Wanachoshiriki na wakata miwa ni jua, kazi nzito na kiu.

Babu_Tani:
Nimekata miwa miaka 11, sasa nafuga kuku. Ukimwendea nyapara na habari za figo hakusikii, mwendee na tani. El Salvador msimu wa 2014/15 kuna wakataji walipewa mifuko ya maji ya kubeba mgongoni, hema la kivuli linalohamishika, mapumziko ya ratiba na panga lililoboreshwa. Walitoka tani 5.1 kwa mtu kwa siku, wakafika 7.3.

MpangaButu:
Mrejesho. Kreatinini 148, imezidi kawaida. Daktari kasema nirudie baada ya wiki mbili na panga nisiliguse. Nyapara nimempa hiyo ya tani 7.3. Akatulia kidogo, akauliza, "Hema ananunua nani?"