PostgreSQL imesakinishwa kwenye Ubuntu 24.04, lakini mtumiaji mpya anakataliwa kuingia

Swali

Wakuu, habari za kazi. Nimesakinisha PostgreSQL (mfumo wa kuendesha hifadhidata) kwenye seva ya Ubuntu 24.04 kwa kutumia terminali pekee. Amri ya `sudo apt install postgresql` ilikwenda vizuri, nikaingia kwa `sudo -u postgres psql`, kisha nikaunda mtumiaji `mkutubi` mwenye nenosiri pamoja na hifadhidata iitwayo `maktaba`. Hata hivyo, ninapoandika `psql -U mkutubi -d maktaba` ninajibiwa `Peer authentication failed for user "mkutubi"` kabla hata ya kuulizwa nenosiri, na nikijaribu kutoka kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao huohuo ninapata `Connection refused`. Zaidi ya hayo, `systemctl status postgresql` inaonyesha `active (exited)`, jambo linalonitia shaka kwamba huenda seva imezimika. Kuna aliyenishauri nibadili kila mstari wa `pg_hba.conf`, faili lenye kanuni za nani aruhusiwe kuingia, uwe `trust`, yaani kuingia bila nenosiri. Je, hilo ndilo suluhisho?

Jibu la kwanza

Ndugu, seva yako haijazimika. Katika Debian na Ubuntu, huduma iitwayo `postgresql` ni kivuli tu kinachoziamuru huduma halisi, na ile inayofanya kazi ni `postgresql@16-main`. Andika `pg_lsclusters` utaiona ikiwa `online` kwenye poti 5432.

Hitilafu zako mbili hazina chanzo kimoja, kwa hiyo usizitafutie dawa moja. Ile ya kwanza inatokana na kwamba `psql` isipopewa jina la seva hupitia soketi ya ndani ya mashine, na kanuni ya soketi hiyo ni `peer`, yaani PostgreSQL huuliza mfumo wa uendeshaji ni nani aliyeitisha amri, kisha hulinganisha jina hilo na jina la mtumiaji wa hifadhidata. Kwa kuwa hukuingia kwenye Ubuntu kama `mkutubi`, unakataliwa, na nenosiri halihusiki kabisa hapo. Jaribu `psql -h localhost -U mkutubi -d maktaba`: sasa unapitia TCP, yaani njia ya mtandao, ambako kanuni iliyowekwa tangu mwanzo ni `scram-sha-256`, na utaulizwa nenosiri.

Ile ya pili ni kwamba seva husikiliza `localhost` pekee mpaka uiambie vinginevyo. Fungua `/etc/postgresql/16/main/postgresql.conf`, tafuta `listen_addresses`, uongeze anwani ya IP ya seva yako, kwa mfano `listen_addresses = 'localhost,192.168.1.10'`. Angalia pia alama ya `#` mwanzoni mwa mstari huo, kwa sababu isipoondolewa mstari wote unahesabiwa kuwa maelezo tu, na utabadilisha thamani mara nyingi uwezavyo bila kuona tofauti. Badiliko hili linahitaji `sudo systemctl restart postgresql`, `reload` haitoshi. Baada ya hapo, `ss -ltn` itakuonyesha kama poti 5432 inasikiliza kwenye anwani mpya.

Ukifika hapo, ujumbe utabadilika na kuwa `no pg_hba.conf entry`, na hiyo ni dalili njema: sasa umeifikia seva, kilichobaki ni ruhusa. Ongeza mstari huu kwenye `pg_hba.conf`, kisha ufanye `reload`:

`host maktaba mkutubi 192.168.1.0/24 scram-sha-256`

Jibu la pili

Nakubaliana na maelezo hayo, ila suala la `trust` lisipitwe kimyakimya. Kanuni hiyo humruhusu yeyote anayeifikia seva kujiita `postgres` bila nenosiri lolote, na mtumiaji huyo, kwa kuwa ana mamlaka yote, anaweza hata kuendesha amri za mfumo wa uendeshaji kupitia `COPY ... PROGRAM`. Ukiandika `trust` kwenye mistari yote, umefungua njia ya kuifikia mashine yenyewe, wala si hifadhidata peke yake.

Kumbuka pia kwamba `pg_hba.conf` husomwa kutoka juu kwenda chini na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaotumika, hata kama ulio chini yake ungekufaa zaidi. Ukishuku kosa la uandishi, endesha `SELECT * FROM pg_hba_file_rules;` na usome safu ya `error`.

Muulizaji

Asanteni sana. Sasa ninaingia kutoka kompyuta zote mbili, lakini `CREATE TABLE` inakataa kwa ujumbe wa `permission denied for schema public`. Mafunzo niliyokuwa nikiyafuata hayakutaja jambo hili.

Jibu la kwanza

Huenda mafunzo hayo yaliandikwa kabla ya toleo la 15, kwani kuanzia toleo hilo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi tena kuunda majedwali ndani ya `public` (sehemu ya hifadhidata ambamo majedwali huwekwa usipotaja nyingine), isipokuwa awe mmiliki wa hifadhidata husika au apewe ruhusa waziwazi. Wewe uliiunda `maktaba` ukiwa `postgres`, kwa hiyo mmiliki ni `postgres`. Ingia tena kwa `sudo -u postgres psql` uandike:

`ALTER DATABASE maktaba OWNER TO mkutubi;`

Safari nyingine, `createdb -O mkutubi maktaba` itakukamilishia yote kwa amri moja. Na ukitaka kubadilisha nenosiri, tumia `\password mkutubi` ndani ya `psql` badala ya `ALTER USER`, ili nenosiri lisibaki wazi kwenye historia ya amri zako.

Muulizaji

Nimebadilisha mmiliki, na majedwali yanaundwa bila tatizo. Mistari ya `peer` nimeiacha ilivyokuwa.