Panya wanaokula waya hawasikii uchungu wa mwarobaini?

Dereva_Makorora: Wakuu habari za saa hizi. Bajaji yangu nailaza uani hapa Makorora, Tanga, panya wameshanitafunia waya za taa mara mbili. Fundi kanambia nitwange majani ya mwarobaini nipake, nimepaka wiki nzima mpaka mikono inanuka, asubuhi nakuta plastiki imemenywa kama muwa. Sasa kuna dogo anasoma chuo anasema eti hata panya wa maabara wapo wanaozaliwa hawasikii uchungu, kweli hiyo au ananipiga kamba?

MamaBaiolojia: Kweli kaka, ila dogo kasema nusu. Maabara wana koo za panya waliozalishwa kaka kwa dada vizazi 20 na zaidi mpaka wamekuwa kama mapacha wa kufanana. Wanawekewa chupa mbili, moja maji matupu nyingine ina kitu kichungu, baadae zinapimwa ipi imepungua zaidi, na lazima uzibadilishe upande maana panya akishazoea kunywa kushoto atanywa kushoto tu hata umwekee nyongo. Sasa kuna kemikali chungu inaitwa sikloheksimidi, panya wa ukoo wa DBA/2 akilamba ya kiwango kidogo tu anaacha, wa ukoo wa C57BL/6 kwa kiwango hicho hicho anaendelea kama hamna kitu, na ile ni sumu ujue! Mwaka 2000 watafiti wakaonyesha tofauti iko kwenye jeni moja, Tas2r105, inayotengeneza kipokezi cha ulimini, yaani kile kinachonasa uchungu.

Raskazone_tu: Duh. Kwetu mchunga wa nazi mi nasukumia ugali vizuri tu, mdogo wangu akiweka mdomoni anatoka nje kutema, bimkubwa anasema ana deko 😂

Bombo95: Ngoja, kwahiyo huyo C57BL/6 uchungu hajui kabisa? Mbona kwinini nasikia anaikataa

MamaBaiolojia: @Bombo95 ndo ile nusu nyingine. Kwinini anaikataa fresh tu. Panya ana jeni za vipokezi vya uchungu kama 35, sisi kama 25, na kila kipokezi kina vichungu vyake, kimoja kikiwa kizito ulimi haujafa. Mpaka 2005 kuna panya walipandikizwa kipokezi cha binadamu cha PTC, kemikali chungu ambayo kabla walikuwa hawana habari nayo, wakaanza kuikwepa.
@Dereva_Makorora wako ni wa mtaani, damu mchanganyiko, huwezi kusema wote wako vile. Halafu waya hali, anatafuna tu, meno ya mbele yanakua maisha yake yote. Jaribu visoda viwili vya unga, kimoja changanya mwarobaini, usiku wa pili badilisha upande.

Dereva_Makorora: Dada nimeweka jana, vyote vimeisha nikasema basi hawa ndo wale wale. Kuangalia vizuri pembeni kuna unyoya, kumbe kuku wa jirani kafunguliwa alfajiri kabla sijaamka. Leo nafunikia tenga, panya atapita kuku hapiti.